Mota Iliyoanikwa Juani

Baiskeli ya umeme ya Selestini ilikufa katikati ya mlima wa kwenda Gungu, ikiwa na kreti za mikate nyuma, na vijana wa bodaboda waliokuwa kijiweni wakashangilia. Haikufa kwa heshima. Iliguna, ikashtuka mara mbili tatu kama punda aliyekanyaga mwiba, kisha gurudumu la nyuma likakwama, na Selestini akaruka chini kabla hajaanguka nayo.

"Mzee, hata baiskeli nayo ina mgao wa umeme?" mmoja akauliza.

Wakacheka. Selestini akacheka nao, maana mtu aliyekwama mbele za watu atafanya nini? Kisha akaanza kusukuma, na hapo ndipo kicheko kilipomwishia. Aliwahi kuugua kifua kikuu. Dawa alimaliza, hospitali ikamwambia amepona, lakini pumzi haikurudi yote. Kila baada ya nyumba chache alisimama, akainamia kreti akijifanya anakaza kamba, akakohoa huku amegeuzia uso pembeni, asikohoe karibu na chakula cha watu. Mikate ilipofika madukani, wateja walikuwa wameshakunywa chai yao na mihogo.

Mudathir, mwenye bekari pale Mwanga, hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimwumiza Selestini kuliko kama angetukanwa.

"Kaka Selestini, mkate wa asubuhi ukifika mchana nani ataununua?" alimwambia, huku akimsogezea kiti. "Kaa kwanza, upumue."

"Sijachoka, bosi."

"Naona. Sikiliza. Mpaka Jumatatu. Ukija na baiskeli inayopanda mlima, njia ya Gungu ni yako, sikunyang'anyi. Usipokuja nayo, nampa Dismasi, yeye ana bodaboda yake. Usininunie."

"Nitasukuma kwa miguu."

"Ukisukuma utanifia barabarani, halafu watu waseme Mudathir kaua mtu kwa ajili ya mikate. Hapana. Jumatatu."

Wafanyakazi wa bekari waliacha kukanda unga wakasikiliza. Selestini alishukuru, akaaga, akaiburuta baiskeli hadi Ujiji kwa mteremko na tambarare. Safari nzima alikuwa akiwaza neno moja tu, kwamba bila njia ya Gungu hakuna kazi nyingine mjini itakayomtaka mtu mwenye nusu ya pumzi.

*

Nyumbani alikuwapo mtu mmoja aliyezijua mota za namna ile, na mtu huyo hakutakiwa kuonekana.

Aliitwa Leonardi. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Veneranda, mke wa Selestini, kwa hiyo alikuwa mdogo wake Veneranda kabisa, kwa Waha na kwa Warundi pia. Katika kambi ya wakimbizi wa Burundi alikokuwa akiishi, alikuwa akitengeneza baiskeli za umeme za shirika moja la afya. Shirika likafungasha virago, baiskeli zikapigwa mnada, na hii ya Selestini ilikuwa mojawapo. Wakimbizi nao wakaanza kuambiwa kila wiki kwamba kwao kumetulia, wajiandikishe kurudi. Kwao Leonardi hakukuwa na nyumba. Waliomwua baba yake walikuwa bado wanauza bia pale pale njia panda, wakisalimiana na watu. Ndipo akatoka kambini bila kibali, akaja kwa dada yake. Mchana alikaa chumba cha nyuma, na giza likiingia alitoka uani kunyoosha miguu.

Veneranda mwenyewe hakuwa salama sana. Mama yake alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaolewa Manyovu, upande huu wa mpaka, tangu msichana. Kwa sababu hiyo kitambulisho cha taifa cha Veneranda kilikuwa hakijatoka. Kila alipokwenda kukiulizia aliulizwa mama yako alizaliwa wapi, bibi yako alizikwa wapi, na alirudi nyumbani akiwa na uchungu wa mtu aliyeulizwa kama kweli yeye ni yeye.

Jioni ile Leonardi aliipindua baiskeli chumbani, matairi juu. Aliwasha betri, taa ya usukani ikawaka. Alizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, likawa zito na linakwaruza. Akachomoa plagi inayoiunganisha mota na kontrola, kile kisanduku kinachoigawia umeme, akazungusha tena. Bado likawa zito.

"Lingekuwa jepesi baada ya kuchomoa, ningesema kontrola imeungua," alisema. "Betri nzima, kontrola nzima. Ugonjwa uko ndani ya mota, muramu."

Muramu ni shemeji. Kila alipomwita hivyo, Selestini alijisikia mwenye nyumba.

Skrubu za kifuniko zilikuwa na kutu. Walizitilia oili, wakazingoja, wakazilazimisha. Kifuniko kilipoachia, maji ya rangi ya chai yalimwagika sakafuni, yenye harufu ya chuma kilichooza. Wote watatu wakayatazama yanavyotambaa kuelekea mkekani.

"Muramu, uliipitisha wapi?"

Selestini akausogeza mkeka usilowe.

"Mtoni?"

"Ninaiosha," akasema Selestini kwa sauti ndogo.

"Unaiosha wapi?"

"Ziwani. Si kila mtu anaosha ziwani?"

Na kweli, kila mtu anaosha ziwani. Jumamosi ufukwe wa Ujiji hujaa wanaume waliokunja suruali, na pikipiki, na baiskeli, na masufuria ya harusi. Selestini alikuwa akiiingiza yake mpaka maji yanafika juu ya ekseli, anailaza ubavu, anasugua spoku moja moja kwa sabuni na mchanga, kwa kuwa mbeba mikate mchafu hanunuliwi. Hakuna aliyekuwa akiosha kwa bidii kama yeye. Watu walimsifia baiskeli inavyong'aa, na wiki baada ya wiki alikuwa anaizamisha mota yake kwa mikono yake mwenyewe.

Veneranda alicheka. Halafu akauona uso wa mumewe, akaenda kuchukua tambara la kupangusia sakafu.

"Itapona?" Selestini akauliza.

"Itapona. Koili hazijaungua. Waya hizi ndogo zimeoza, nitaziunga upya. Beringi nitazisafisha, nitatia grisi. Lakini lazima ikauke kwanza, ikauke kabisa. Nikiiwasha mbichi itaungua siku hiyo hiyo."

"Itakauka lini?"

"Humu ndani, kwa jiko la mkaa pembeni, ni pole pole. Wiki, na zaidi."

"Nina mpaka Jumatatu."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi, "ndiyo, najua."

"Na juani?"

Leonardi alifuta mikono yake muda mrefu. "Juani ni siku mbili," akasema.

"Basi nitakaa nayo mimi uani," Selestini akasema. "Wewe utanielekeza kutoka dirishani."

*

Ilishindikana asubuhi ile ile ya kwanza. Selestini alitoa mota uani, akaiweka juu ya gunia, akachukua brashi ya waya anayosugulia sufuria mkewe, akaanza kukwangua kutu kwa moyo wote. Alikuwa anaelekea kwenye koili zenyewe, zile nyuzi za shaba zilizopakwa rangi inayozuia umeme usivuje, na rangi hiyo ikichubuka mota imekwisha.

"Acha!" Leonardi akasema dirishani. "Muramu, acha! Utaiua!"

Akatoka. Hakufikiri. Fundi akiona kazi inaharibiwa miguu humtoka yenyewe. Aliipokea ile mota, akachuchumaa, akaanza kupangusa kwa kitambaa chenye petroli, kidogo kidogo, akigeuza upande kwa upande kulifuata jua.

Veneranda alikuja mbio kutoka jikoni. "Leonardi, ingia ndani. Baba Yunisi, mwambie aingie."

Selestini aliitazama mota. Akatazama jua, ambalo msimu ule wa mvua lilikuwa likitoka kwa kubembelezwa. "Ni siku mbili tu, Mama Yunisi," akasema. "Nani anamjua hapa? Tukiulizwa, ni fundi nimemkodi kutoka Manyovu."

"Huyu ni mtoto wa watu. Mama yake ndiye aliyemtuma kwangu."

"Na sisi tutakula nini?"

Kama Veneranda angekuwa na jibu la swali hilo, hadithi hii isingekuwapo.

Kwa hiyo Leonardi alikaa juani. Jambo la kusikitisha ni kwamba alifurahi. Tangu afike hakuwa ameuona mchana isipokuwa kwa ufa wa dirisha, na sasa alikuwa na kazi mkononi, kuku wanapita, Yunisi, mtoto wa dada yake, anamletea maji na kumwuliza kila chuma kinaitwaje. Alikuwa akimjibu kila mara. Hata alianza kuimba, wimbo wa kuchungia ng'ombe, kwa sauti ya chini.

Jirani yao Rozalia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchungulia, akiwa na redio iliyokufa.

"Mama Yunisi, fundi huyu mmemtoa wapi?"

"Manyovu," akasema Selestini kabla mkewe hajafungua mdomo.

Leonardi aliifungua redio wakati mota inakauka, akaunga waya mmoja, ikaimba. Hakutaka hela. Rozalia akaenda akisimulia mtaa mzima. Mchana wakaja wengine na pasi, na feni, na spika ya kanisani. Kesho yake wakaja watu ambao Veneranda hata hakuwajua. Hakuna aliyemchongea. Naapa, hakuna. Walimsifu tu. Walimsifu sokoni Mwanga, wakamsifu kwenye foleni ya maji, wakasema kuna kijana kwa kina Selestini ana mikono ya ajabu na lafudhi ya kule juu kabisa, kama ya Warundi, mpaka sifa zikafika ofisi ya uhamiaji, ambako watu hulipwa kwa kusikiliza.

*

Walikuja alasiri ya siku ya pili, wanaume wawili waliovaa kiraia. Mmoja alikuwa mtu mzima asiyependa maneno. Mwingine alikuwa kijana, Jonathan, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Iringa karibuni, mpole na mwenye adabu. Walionyesha vitambulisho vyao vya kazi. Mota ilikuwa imekauka, imefungwa, gurudumu limerudishwa, na baiskeli imepinduliwa katikati ya uwanja. Zilibaki zile waya za kuunganisha na kontrola.

"Shikamoo, mzee," Jonathan akamwambia Selestini.

"Marahaba."

"Tumesikia mna fundi mzuri. Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Fundi, una kitambulisho?"

Leonardi akatikisa kichwa.

"Kwenu wapi?"

Leonardi akainamia waya zake. Jonathan akageuka. "Mzee, huyu ni nani kwako?"

Lilikuwa swali dogo, na jibu lake lilikuwa neno moja. Lakini Selestini aliona akisema shemeji ataulizwa shemeji kwa mke gani, na mke huyo kitambulisho chake kiko wapi, na mama yake alizaliwa upande upi wa mpaka. Aliyaona maswali yote yanakuja. Na tusimpambe. Aliiona pia Jumatatu, na Dismasi akipanda mlima wa Gungu na mikate. Mambo hayo mawili yalikuwa kifuani mwake kwa pamoja, na mpaka leo hajui ni lipi lililomfungua mdomo.

"Simjui," akasema. "Ni fundi tu. Nimemkodi."

Leonardi aliinua macho, akamtazama, kisha akayarudisha kwenye waya.

"Ni kweli, afande," akasema. "Mimi ni mkimbizi, nimetoka kambini bila kibali. Huyu mzee hanijui. Hakuna anayenijua hapa."

"Unalala wapi?"

"Sokoni."

"Haya, simama twende."

"Afande, ninaomba nimalize. Zimebaki waya tu. Nikiiacha hivi hakuna wa kuiunga, na mzee ana kazi Jumatatu."

Yule mtu mzima alitazama saa yake. Jonathan akageuza ndoo, akakalia. "Maliza," akasema.

Jikoni Veneranda alikuwa amempakata Yunisi, mlango umerudishwa. Alikuwa amesikia kila neno. Asingeweza kutoka. Angetoka angelia, na angelia wangejua. Yunisi alitaka kwenda kwa mjomba wake, akaanza kumwita, na Veneranda akamtia kipande cha muhogo mdomoni. Kila alipomaliza kutafuna, akamtia kingine.

Uani Leonardi alikuwa anatafuta jozi za waya. Kila waya mnene wa mota una mwenzake kwenye kontrola, na nyembamba hivyo hivyo, na kwa kawaida rangi ndiyo inayosema nani wa nani. Lakini maji ya ziwa yalikuwa yamezila rangi zote, zimebaki nyeusi. Ilibidi kubahatisha kwa mpango. Aliunga, akakandamiza kitufe. Gurudumu likatetemeka, likaguna, likagoma. Akabadilisha mbili. Likazunguka kinyumenyume, kwa hasira, mpaka yule ofisa mtu mzima akaruka pembeni. Jonathan akacheka, akasogeza ndoo karibu ili aone vizuri. Akabadilisha tena, likagoma. Akabadilisha tena.

Selestini alikuwa amesimama akiwa ameshika spana ambayo hakuna aliyeihitaji. Ndani yake mtu mmoja alikuwa anaomba gurudumu lizunguke, na mwingine alikuwa anaomba lisizunguke kamwe, wakae hapo hapo wote mpaka dunia iishe.

Likazunguka. Lilikwenda mbele, laini, bila kelele, spoku hazionekani kwa kasi. Leonardi alilisikiliza kwa sikio karibu na ekseli, akaridhika, akazima. Alizifunga waya kwa utepe mweusi, akakaza nati, akaipindua baiskeli ikasimama. Kisha akaomba maji akanawa.

"Kazi nzuri," Jonathan akasema, na alimaanisha. Alimgeukia Selestini. "Haya, mzee. Mlipe fundi wako."

Selestini hakuelewa.

"Mlipe. Hatuwezi kumchukua mtu na jasho lake halijalipwa. Huko anakokwenda atahitaji."

Alisema kwa wema. Laiti angesema kwa ubaya. Selestini aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu kumi aliyopewa na mkewe asubuhi ya kununulia unga, akaivuka ile hatua iliyokuwapo kati yao. Alitamani Leonardi aikatae, amtukane, amteme mate. Lakini fundi wa kukodiwa hakatai malipo, na maofisa wawili walikuwa wanatazama. Leonardi akaipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kidogo.

"Asante, bosi," akasema.

Akaongozana nao hadi kwenye gari. Hakuangalia upande wa jikoni hata mara moja.

*

Siku zilizofuata Veneranda alipika, akafua, akampa mumewe maji ya kuoga. Hakumlaumu. Selestini alimsubiri amlaumu, na ilipofika Jumapili jioni hakuvumilia tena.

"Ningesema ni shemeji yangu, wangekuchukua na wewe," akasema.

"Najua."

"Sasa mbona hunisemeshi?"

"Nakusemesha. Nimekwambia chakula kipo mezani."

Mama yake Leonardi alikuwa amepiga simu mara kadhaa kutoka kambini. Veneranda aliiacha simu iite juu ya kabati mpaka inyamaze yenyewe.

Jumatatu alfajiri Selestini aliitoa baiskeli uani. Alikanyaga mara moja tu, mota ikampokea, akaizungusha pale pale kwa majaribio. Ilikuwa nzima kuliko siku aliyoinunua. Mudathir angefurahi. Vijana wa kijiweni wangenyamaza. Alipata kila alichokitaka, na alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake hawezi kuondoka.

Yunisi alitoka ndani akiwa anajifikicha macho. Alilitazama gurudumu, akatazama mahali penye gunia.

"Mjomba Leo amekwenda wapi?"

Selestini akainama akaanza kukaza nati iliyokwisha kukazwa. Upande wa pili wa ua Rozalia alikuwa ameshaamka, anafagia, na ufagio wake ukasimama.

Veneranda aliliona hilo. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akamshika mabega, akaongea kwa sauti ya kawaida, ya kusikika.

"Si mjomba. Yule alikuwa fundi."

"Alilala chumba cha nyuma."

"Hakulala hapa. Alikuja kutengeneza baiskeli ya baba, akaenda zake. Ukiulizwa na mtu utasemaje?"

Mtoto alimtazama baba yake, aone kama ni mchezo. Baba yake alikuwa anaangalia chini.

"Alikuwa mjomba fundi," akasema.

"Hapana. Fundi tu. Sema."

"Fundi tu."

"Humjui jina."

"Jina namjua."

"Yunisi." Sauti ya Veneranda ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Humjui jina. Sema tena, toka mwanzo."

Selestini akapanda baiskeli, akatoka kwenda kuchukua mikate. Nyuma yake mtoto alikuwa anarudia, na mama anamsahihisha, mpaka akayasema yote bila kukosea.